Sarafu Mbaya za Mfalme Henry

Watu wakisikia ninakusanya sarafu za Uingereza za enzi ya Tudor, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Za dhahabu?"

Za dhahabu siziwezi. Ile sarafu kubwa ya dhahabu ya Henry VII iliyoanza kutolewa mwaka 1489, mfalme amekaa kwenye kiti chake cha enzi na fimbo mkononi, ikipita mnadani siku hizi wanaoigombea ni watu wanaonunua nyumba bila mkopo. Mimi nafanya kazi za zamu hapa Leicester, nina kodi ya nyumba, na kule Tanga kuna ada za watoto wa dada yangu. Kwa hiyo nakusanya za fedha. Na hata kwenye fedha nimejikuta nazipenda zile ambazo wenzangu wanazisukuma pembeni mwa trei: nyembamba, nyeusi, sura imefutika, nyingine zina shaba nyingi kuliko hiyo fedha yenyewe. Ninazipenda kwa sababu ndizo zilizobeba kisa kizima cha enzi ile. Sarafu nzuri inakuambia mfalme alitaka aonekane vipi. Hii mbaya inakuambia alifanya nini.

Kwa wasiozifahamu enzi hizi, nitapita haraka. Tudor walianza Agosti 1485, Henry VII alipomshinda Richard III pale Bosworth, si mbali na hapa ninapoandika, na wakaisha Machi 1603 alipofariki Elizabeth I bila mtoto. Katikati wako Henry VIII, mwanawe Edward VI aliyetawazwa akiwa na miaka tisa, na Mary I. Yuko pia Lady Jane Grey, aliyekaa kwenye kiti siku tisa za Julai 1553. Huyu hakuwahi kutolewa sarafu. Mtu akikuuzia sarafu ya Malkia Jane, rudisha pochi mfukoni uende zako.

Kabla ya Henry VII, kwa takriban miaka mia mbili, sura ya mfalme kwenye sarafu ya Kiingereza ilikuwa ile ile: uso unaotazama mbele, nywele zimevimba masikioni, taji. Mfalme akifa anakuja mwingine na uso haubadiliki. Mwishoni mwa utawala wake Henry VII akaachana na hilo. Mchonga mihuri wake, Alexander Bruchsal, akatoa sura ya upande ya mtu halisi: pua ndefu, shavu limebonyea, macho ya mtu anayehesabu pesa zake mwenyewe. Sura hiyo ikawekwa pia kwenye sarafu mpya ya peni 12, testuni, na hiyo ndiyo shilingi ya kwanza kugongwa kama sarafu ya mkononi. Mpaka wakati huo shilingi ilikuwa hesabu ya vitabuni tu. Waingereza waliachana nayo mwaka 1971. Sisi bado tunayo, Dar, Nairobi na Kampala.

Henry VIII aliporithi mwaka 1509 hakuhangaika. Alichukua sura ya baba yake, akabadilisha namba VII ikawa VIII, na akatawala hivyo hadi mwaka 1526. Yaani kwa miaka 17 Uingereza ilikuwa ikitumia pesa zenye jina la mtoto na uso wa marehemu. Sarafu za kipindi hicho zinachekesha kuziangalia, na wanaoanza hukosea kila mara wakidhani ni za Henry VII. Soma namba, usisome uso.

Kisha likaja badiliko la sarafu la 1526, lililosimamiwa na Kardinali Wolsey, mshauri mkuu wa mfalme. Wolsey alikuwa pia Askofu Mkuu wa York, na kwa cheo hicho alikuwa na haki ya kutoa sarafu ndogo za fedha: nusu groti, yaani peni mbili, na kushuka chini. Yeye akagonga na groti yenyewe, ya peni nne, akatia herufi za jina lake na kofia ya kardinali chini ya ngao ya mfalme. Alipoanguka madarakani mwaka 1529, ile kofia ilikuwa miongoni mwa mashtaka yake. Groti yenye kofia unaweza kuipata leo bila kuuza shamba, na ni sarafu chache sana duniani zinazokuwezesha kushika mkononi kipengele cha hati ya mashtaka.

Kuna na herufi za wake zake. Kwenye baadhi ya sarafu za dhahabu za wakati huo, na kwenye zile zenye kinubi alizotoa kwa ajili ya Ireland, pembeni mwa ngao kuna H ya Henry na herufi ya mke aliyekuwepo: K ya Katherine, A ya Anne Boleyn, I ya Jane Seymour, kwa kuwa Kilatini kiliandika J kwa I. Wakusanyaji wengi wanazifukuzia hizi, hasa ya Anne, na bei inajua hivyo. Mimi nimeziacha. Sina ugomvi nazo, ila naona zimeshapata wapenzi wa kutosha.

Sasa tufike penyewe.

Kuanzia mwaka 1544 Henry VIII alichakachua pesa za nchi nzima. Alikuwa na vita na Ufaransa na vita na Scotland kwa pamoja, mali alizozinyang'anya nyumba za watawa zilikuwa zinayeyuka, na kodi haikutosha. Kwa karne nyingi sarafu ya Kiingereza ilikuwa na fedha safi asilimia 92.5. Mwaka 1544 ikashushwa hadi 75. Mwaka uliofuata 50. Mwaka 1546 ikabaki theluthi moja, na zaidi ya hapo ni shaba. Testuni ikaendelea kuitwa peni 12, groti peni 4, na tofauti ikaenda hazina ya mfalme, sawasawa na muuza mafuta anayechanganya petroli na mafuta ya taa halafu bei ya pampu haishuki. Mpaka mchezo ulipokomeshwa mwaka 1551, chini ya mwanawe, serikali ilikuwa imevuna zaidi ya pauni milioni moja, pesa ya kutisha kwa wakati ule.

Mafundi walikuwa na ujanja wao. Kipande cha mchanganyiko kilipashwa moto na kuchovywa kwenye dawa kali iliyokula shaba ya juu, ikabaki ngozi nyembamba nyeupe ya fedha. Sarafu ilitoka kiwandani inang'aa. Ikizunguka mifukoni kwa muda, ngozi ile inalika, na inaanza kulika palipoinuka zaidi. Kwenye testuni hizo mfalme anatazama mbele, uso mpana wa mtu aliyeshiba, ndevu, shingo haionekani, na palipoinuka kuliko pote ni pua. Pua ikawa nyekundu. Watu wake wakampa jina: Mzee Pua ya Shaba.

Muuzaji mmoja kwenye maonyesho ya sarafu aliwahi kuniachia niishike testuni ya namna hiyo. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi, na yeye alijua sinunui, lakini watu wa soko hili wana ukarimu wa ajabu kwa anayeuliza maswali ya maana. Uso wote ulikuwa wa kijivu, na katikati doa la rangi ya shaba, kubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Niligeuza taa huku na huku. Doa lile lilimezwa na kivuli na kurudi, na kila liliporudi nilijikuta nacheka. Mfalme aliyekata vichwa vya wake zake wawili hakuweza kuizuia pua yake mwenyewe isimsaliti sokoni.

Henry alikufa Januari 1547. Sarafu zenye jina lake na uso wake hazikufa. Kwa miaka kadhaa zaidi, Edward akiwa kitini, viwanda viliendelea kugonga pesa mbovu kwa jina la baba. Yapo maelezo mengi ya kitaalamu, lakini mimi nina langu: pesa ya kuona haya ni bora ibebe jina la aliyekwisha kuzikwa. Groti niliyo nayo ni ya kundi hilo. Ina gramu mbili na nusu hivi, upande mmoja umepinda kidogo, maandishi ya nyuma yanasomeka nusu: POSVI, kisha doa, kisha kipande cha ADIVTORE. Ni Kilatini cha Zaburi kilichozoeleka kwenye fedha za Kiingereza, "nimemfanya Mungu kuwa msaidizi wangu." Kuna nyingine za kundi hilo hilo, zilizotoka kwenye kiwanda kilichodumu muda mfupi pale Durham House, London, zenye maneno tofauti: REDDE CVIQVE QVOD SVVM EST. Mpe kila mtu kilicho chake. Hayo yameandikwa kwenye sarafu ambayo sehemu kubwa ni shaba! Sijui aliyeyachagua alikuwa hana haya au alikuwa na kijembe, ila nikipata siku ya kumuuliza mtu mmoja wa enzi ile swali moja, ni huyo.

Na palipo na wizi wa juu haukosekani wa chini. Msimamizi wa kiwanda cha Bristol alikuwa Sir William Sharington, aliyenunua nyumba ya watawa ya Lacock baada ya masista kufukuzwa. Alitoa sarafu nyingi kuliko alizoandika vitabuni, akazipunguza uzito, akajaza mfuko wake. Herufi zake W na S zilizofumwa pamoja ziko kwenye sarafu za Bristol hadi leo, kana kwamba aliweka sahihi. Alikamatwa Januari 1549, ikabainika pia alikuwa ameahidi pesa kwa Thomas Seymour, mjomba wa mfalme, aliyekuwa na njama zake. Seymour akakatwa kichwa Machi mwaka huo huo. Sharington alisamehewa, akarudishiwa mali zake, na miaka mitatu baadaye akawa mkuu wa jimbo lake. Msomaji wangu wa nyumbani hahitaji nimfafanulie hapo.

Mwaka huo huo wa 1549 wakajaribu kutengeneza mambo kwa kutoa shilingi mpya, yenye fedha zaidi kwa asilimia lakini ndogo kwa umbo. Ndiyo miaka ambayo tarehe ilianza kuandikwa kwenye sarafu za Kiingereza, kwa namba za Kirumi: MDXLIX. Askofu mstaafu Hugh Latimer, akihubiri mbele ya mfalme mtoto wakati wa Kwaresima, akaisimanga madhabahuni. Akasema tuna shilingi nzuri kweli, ndogo nzuri, na yeye mwenyewe alikuwa karibu ailipe akidhani ni groti kuukuu. Watu wakamwambia huo ni uchochezi. Mahubiri yaliyofuata akajibu kwa kumtaja nabii Isaya, aliyewahi kusema hivyo hivyo kabla yake. Maandishi ya shilingi ile yalisema TIMOR DOMINI FONS VITAE, kumcha Bwana ni chemchemi ya uhai, na hayo Latimer aliyasifu. Ubovu wa ile fedha ndio uliomkera.

Mwaka 1551 ukawa mbaya kuliko yote. Shilingi zilishuka hadi fedha asilimia 25. Kisha serikali ikatangaza, miezi kadhaa kabla, kwamba shilingi itashushwa thamani kutoka peni 12 hadi 9. Hebu fikiria mfanyabiashara anayeambiwa mwezi wa nne kwamba pesa anayopokea leo itapungua robo mwezi wa nane. Bei zilipanda kesho yake. Ikabidi waharakishe, ikawa 9 mwezi Julai, na mwezi Agosti ikawa 6. Aliyekuwa na akiba ya shilingi ndani ya kopo alilala na kumi na mbili akaamka na sita.

Kuhusu kopo, babu yangu alikuwa nalo, la maziwa ya unga, lenye shilingi za zamani za Afrika Mashariki zile zenye simba amesimama mbele ya milima. Waingereza walianza kuzitoa mwaka 1921, na zilikuwa na fedha asilimia 25. Ni kiwango kile kile cha shilingi mbovu kuliko zote za Edward VI. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza kwenye jedwali nilitoka nje kupunga hewa. Kwa haki ya kusema, mambo hayakuwa sawa: kufikia 1921 sarafu ya fedha ilikuwa alama ya ahadi ya serikali, hakuna aliyeipeleka kwa sonara kuipima kabla ya kuuza samaki. Mwaka 1551 mtu aliipeleka. Hata hivyo, zile za babu nimeziweka trei moja na hizi za Edward.

Aliyesafisha ni Elizabeth, na alianza mapema. Septemba 1560, akiwa kitini hata miaka miwili haijatimia, alitoa tangazo la kuziondoa pesa mbovu zote. Tatizo lilikuwa kuzitenganisha, kwa sababu shilingi za Edward zenye fedha nusu na zile zenye fedha robo zilifanana sana, na mtu wa kawaida hana maabara. Serikali ikatuma watu masokoni na nyundo na mihuri midogo miwili. Zile bora kidogo zikagongwa alama ya lango la kasri, lile lango la vyuma linaloshushwa kwa minyororo, zikahesabiwa peni nne na nusu. Zile mbaya zikagongwa mbwa wa mbio, zikawa peni mbili na robo. Baadaye zote zikarudishwa kiwandani kwenye Mnara wa London na kuyeyushwa.

Kazi ya kuyeyusha iliua watu. Mafundi waliletwa kutoka ng'ambo, na moshi wa mchanganyiko ule ukawalaza. Mwandishi wa historia John Stow ndiye aliyesimulia kwamba waliambiwa dawa ni kunywea kwenye fuvu la maiti, na kwamba vichwa vya wahaini vilivyokuwa vimetundikwa juu ya Daraja la London vikashushwa, vikatengenezwa vikombe. Baadhi walipata nafuu, wengi walikufa. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na bado kila ninaposhika sarafu ya Elizabeth ya 1561, nyeupe na safi, nakumbuka zilipotoka fedha zake.

Na hapa ndipo pana jibu la wanaoniuliza kwa nini hizi mbovu ziwe adimu ilhali zilitolewa kwa mamilioni. Zilikuwa adimu kwa kuchukiwa. Watu wenye fedha nzuri waliificha ardhini au wakaikalia, wakalipa kwa mbovu. Hizo mbovu zikazunguka mpaka zikaisha sura. Kisha malkia akaziita zote na kuziyeyusha. Zilizobaki ni zile zilizodondoka shambani au zilizosahauliwa. Shilingi yenye ile alama ya lango, au ya mbwa, ilikuwa na maisha ya miezi tu kabla ya kuingia tanuruni. Ukiuliza zilizopo sokoni leo, muuzaji anatikisa kichwa.

Shangazi alipokuja kunitembelea kutoka Tanga alinikuta nimeitandaza ile groti juu ya kitambaa na taa.

"Shikamoo shangazi, njoo uone kitu."

"Marahaba." Akavaa miwani, akainama. "Hiki nini, bati?"

"Pesa ya mfalme, shangazi. Ina miaka karibu mia tano."

"Na umetoa pesa kununua pesa." Akaisogeza kwa ukucha. "Mfalme gani huyu hana pua?"

Nikamweleza kisa chote, vita, shaba, ngozi nyeupe. Akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Kumbe mambo haya ni ya tangu zamani. Haya, niletee ndimu na chumvi nikutakatishie, haiwezi kukaa hivi."

Niliificha sarafu haraka kuliko nilivyowahi kuficha kitu chochote. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwa yeyote anayefikiria kuanza: usisafishe. Ndimu, magadi, dawa ya meno, mchanganyiko wa soda na karatasi ya aluminiamu mnaouona kwenye video, vyote vinang'oa ile rangi iliyojijenga kwa mamia ya miaka, na kwenye sarafu mbovu vinang'oa fedha yenyewe. Sarafu iliyosuguliwa inauzwa nusu ya bei au chini ya hapo. Shangazi hadi leo anaamini ni uvivu wangu.

Kwa anayeanza, sishauri aanze na mbovu. Aanze na peni sita ya Elizabeth. Kuanzia 1561 hadi 1582 malkia aliacha kutoa shilingi na peni sita ikawa farasi wa kazi, kwa hiyo zipo nyingi, na iliyochakaa kwa heshima unaipata kwa makumi ya pauni. Nyuma ya kichwa cha malkia kuna ua la waridi. Lile halikuwekwa kwa urembo. Lilikuwepo kwenye sarafu ya peni sita, ya tatu, ya moja na nusu, na ya robo tatu, na halikuwepo kwenye zile za thamani ya katikati, ili asiyejua kusoma asipunjwe. Nyuma juu ya ngao kuna mwaka kwa tarakimu hizi hizi zetu. Nadhani hakuna sarafu nyingine ya miaka 450 ambayo mtoto wa darasa la pili anaweza kuisoma mwaka wake bila msaada.

Ninayo ya 1578. Gramu tatu, si duara kamili, upande wa kulia wa malkia umekatwa na mkasi wa fundi karibu sana na herufi za REGINA. Ina alama ndogo ya msalaba mwanzo wa maandishi. Alama hizi ndizo uti wa mgongo wa ukusanyaji wa Tudor: kila kipindi kiwanda kilibadilisha, mara ua, mara ngome, mara kengele, mkono, ufunguo, nanga. Sababu yake ilikuwa ukaguzi. Sampuli ziliwekwa ndani ya sanduku lililofungwa, na baada ya muda jopo la masonara lilizipima mbele ya maofisa. Sampuli ikikutwa na upungufu, alama inawaambia ni za kipindi gani na nani aulizwe. Ukaguzi huo unafanyika mpaka leo, kila mwaka, kwenye ukumbi wa masonara wa London.

Nimeutaja mwaka 1578 kwa sababu nyingine. Ndio mwaka aliponyongwa Eloy Mestrelle, mjini Norwich. Mestrelle alikuwa Mfaransa aliyekuja na ujuzi wa mashine kutoka kiwanda cha Paris, na kuanzia 1561 aligonga pale kwenye Mnara sarafu za kwanza za mashine Uingereza: duara kamili, ukingo mzuri, malkia amekaa katikati anavyotakiwa. Weka ya kwake na yangu ya nyundo pamoja, utadhani zimetofautiana karne mbili. Lakini mafundi wa nyundo walimpiga vita, mashine ilikuwa ya polepole, na mwaka 1572 akaondolewa. Akaishia kugonga pesa bandia, na kwa hiyo adhabu ilikuwa moja. Yangu mimi iligongwa na hao hao mafundi waliomshinda, mwaka huo huo aliokufa. Za Mestrelle zinaitwa peni sita za kinu, na Shakespeare alizitia kwenye mchezo wake wa wake wachangamfu wa Windsor: kuna bwana mmoja mjinga anayelalamika ameibiwa groti saba za peni sita za kinu. Groti saba ni peni 28. Zigawe kwa sita uone.

Ukweli na bandia ni somo refu, nitasema machache. Nunua mizani ya sonara kabla ya kununua sarafu. Sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo usoni na mstari wa maungio ukingoni, wakati ya nyundo imepasuka pasuka ukingoni na herufi zake zina ncha. Mihuri iligongwa kwa mkono, kwa hiyo hazipo mbili zilizofanana kabisa. Muuzaji akiwa na mbili zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale, zote ni feki. Na kabla ya kutoa hata senti, nenda jumba la makumbusho la British Museum, chumba namba 68, kiingilio bure, utazame pesa halisi mpaka macho yazoee.

Kuna Waswahili wenzangu huku wameanza kununua detekta, vile vifaa vya kutafutia metali ardhini, na kuingia mashambani. Ombeni ruhusa ya mwenye shamba kwanza, kwa maandishi. Kwa England na Wales sheria ya mwaka 1996 inasema sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zenye zaidi ya miaka 300, zikipatikana pamoja, ziripotiwe ndani ya siku 14. Makumbusho ikizitaka, fidia hugawanywa kati ya aliyezipata na mwenye ardhi. Hata ile moja peke yake irekodiwe kwa maofisa wa mambo ya kale wa eneo lako, ni bure, na sehemu ilipotoka ndiyo nusu ya thamani yake kwa wanaoandika historia. Na kama unataka kuipeleka nyumbani, ulizia kibali cha kuisafirisha kabla hujapanga mabegi. Vitu vilivyotoka kwenye ardhi ya nchi hii vina masharti yake.

Yapo mengine nimeyaacha kwa makusudi: malaika wa dhahabu waliotobolewa na kuvaliwa shingoni na wagonjwa walioguswa na mfalme, Mary na Philip wanaotazamana kwenye shilingi moja, na zile zenye lango kubwa zilizogongwa 1600 na 1601 kwa ajili ya safari ya kwanza ya kampuni ya India Mashariki. Nahodha wa msafara huo, James Lancaster, miaka kumi kabla alikuwa ameshatia nanga Unguja na kukaa hapo miezi. Hiyo inataka makala yake.

Kwa sasa natafuta shilingi moja ya Edward yenye alama ya lango mbele ya uso, hata kama uso wenyewe hauonekani. Wauzaji ninaowaamini wameshaambiwa, na kila mmoja amenijibu nisubiri. Ikipatikana kwa bei ambayo ada za Tanga hazitaguswa, nitaweka picha hapa, pande zote mbili, bila ndimu.